Umeme Ukikatika, na Wewe Uzime

Shemeji yangu wa Mbamba Bay, kando ya Ziwa Nyasa, ameweka paneli za sola juu ya bati, na tangu siku hiyo hakuna anayepumua pale nyumbani. Kila mgeni lazima ashikwe mkono, atolewe nje, aoneshwe paa. Watu wamekuja kula samaki mbasa, wanalishwa wati.

Sasa ana jipya: anataka kuiuzia serikali umeme. “Shemeji,” ananiambia kwenye simu, “mchana friji linashiba, betri zinashiba, na jua bado linamwagika. Waya si huo unapita hapa mlangoni?” Na kwa kuwa mimi niliwahi kuwa karani wa chama cha msingi cha kahawa huku Mbinga, basi kwenye ukoo mimi ndiye mwanasheria. Nimtafutie sheria.

Nimeitafuta, ipo. Nchi hii haijawahi kukosa sheria; tunachokosa ni nauli ya kuifuata. Sheria ya Umeme ya mwaka 2008 ilimfungulia mlango mtu binafsi azalishe umeme na kuuuza, wadhibiti wa nishati, EWURA, wakatunga kanuni, na mkataba wa mfano ukawekwa ili mzalishaji mdogo asihangaike kubishana bei kama mnunuzi wa mbuzi mnadani. Safi kabisa, mpaka ufike penye vipimo. Mzalishaji mdogo anaanzia kilowati 100 na kuishia megawati 10. Kipaneli changu cha kuchajia simu ni wati 50. Ili nami niitwe mdogo nahitaji vingine 1,999, na paa langu kwa sasa linabeba hicho kimoja na jogoo.

Ndiyo maana mkoani Ruvuma waliopita mlango huo ni watu wa mito. Pale Mbangamao, wilayani kwetu, kampuni ya Andoya ilijenga mtambo wa maji ikauza umeme kwa shirika la umeme. Masista Wabenediktini wa Chipole nao wakautumia Mto Ruvuma pale Tulila, megawati 5, mwaka 2015. Masista nawavulia kofia. Mtu akisoma mkataba wa umeme mpaka ukurasa wa mwisho na bado ana imani, huyo ameitwa kweli. Na walikuja tukiwa na shida: kabla laini ya gridi ya kutoka Makambako haijafika Songea mwaka 2018, taa zetu zilitegemea majenereta. Lori la dizeli lilipanda milima ya Umatengo likikohoa, likipishana na maji yanayoteremka bure kwenda ziwani, na hakuna aliyecheka.

“Mimi sina mto, nina jua,” shemeji akasema. Nikamsomea kanuni nyingine za mwaka 2018, za mita inayohesabu pande mbili: mchana unapeleka, usiku unachukua, mwisho mnafanya hesabu. Alipiga kelele hadi nikasogeza simu mbali na sikio. Tayari alishaiona mita yake ya Luku ikirudi kinyumenyume.

Kisha fundi wa umeme akammaliza. Akataja inveta ya aina nyingine, mita nyingine, ukaguzi, halafu akatua: “Na umeme wa gridi ukikatika, mtambo wako nao lazima ujizime.” Sababu anayo. Mwenzake akipanda nguzo akiamini waya umekufa, kumbe shemeji yuko bondeni anausukumia jua, hapo tunapanga matanga. Kwa hilo sina ubishi.

Lakini tuulizane, mtu wa ziwani anaweka sola ya nini? Si kwa sababu umeme hukatika? Upepo ukiinuka usiku, tawi la mwembe likaegemea nyaya, asubuhi samaki wananuka. Sasa mtu huyo huyo anaambiwa aongeze hela ili kwake nako kuzimike kwa wakati mmoja na majirani. Akitaka abaki na mwanga, akasema fundi, ipo inveta inayoitenga nyumba na waya wa nje ikaendelea na betri zake. Alipotaja bei, shemeji akauliza kama ni pamoja na nyumba.

Usiku akanipigia. “Hivi shemeji, walioandika haya wanalijua giza?”

“Wanalijua. Ila wana jenereta.”

Maoni yangu ninayo, ingawa hakuna aliyeniomba. Mwenye mto amewekewa mkataba wa mfano; mwenye paa naye awekewe gharama za mfano, abandikiwe pale ofisi ya kijiji ajue mapema kama anaunganishwa au anafilisiwa.

Shemeji hakusubiri. Jua lake la ziada analigandisha, anawauzia barafu wachuuzi wa samaki. Haitaki mita, haitaki mkataba, na fundi wa nguzoni yuko salama. Biashara imechanganya kweli kweli. Jana amepita mtu wa ushuru, anaulizia leseni ya barafu.