Duka la Kwetu Limefika Wembley

Mpwani akihamia London hustahimili mengi: baridi, giza la saa kumi jioni, jirani asiyeitikia salamu. Asichoweza kustahimili ni kusikia kwamba duka la vitu vya kwetu linafunguliwa na yeye hayupo.

Habari ilitua kwenye kundi letu la WhatsApp Alhamisi usiku: duka jipya la bidhaa za Kenya, Ealing Road, Wembley, Jumamosi saa nne asubuhi. Kundi hilo halijawahi kuafikiana hata siku ya futari ya pamoja, lakini usiku ule hakuna aliyebisha. Mtu wa Leicester akauliza kama pana pa kuegesha gari. Wa Coventry akaagiza mofa za moto. Ndugu mmoja aliyepotea tangu tumchangie harusi akafufuka ghafla, anaulizia unga wa wimbi.

Msitucheke. Tegemeo letu siku zote lilikuwa begi la msafiri, na begi la msafiri lina kilo 23. Mgeni akitua Heathrow haulizwi wazee hawajambo. Macho yote yako kwenye zipu. Ukwaju umefichwa ndani ya soksi, achari ya embe imevujia kanzu ya Idi, na katikati imo pakiti moja ya Royco, ya kugawanywa kwa kijiko cha chai baina ya nyumba tatu.

Jumamosi tukatoka. Shemeji, aliyejiteua kiongozi wa msafara, akatushusha Wembley Park badala ya Alperton, kwa hoja kwamba tao la uwanja wa mpira lina kimo cha mita 133 na anayelifuata hapotei. Kweli hakupotea. Alilifuata mpaka langoni. Siku hiyo palikuwa na mechi, na uwanja ule huingiza watu 90,000. Tukasombwa na jezi na nyimbo, sisi na kikapu chetu cha ukili, hadi mbele ya mlinzi. Akachungulia kikapu: kitupu. Akauliza ni cha nini. Shemeji akamjibu kwa Kiingereza chake cha sikukuu kwamba tumekuja kununua unga. Mlinzi ilibidi amwite mwenzake, naye asikie.

Tulifika Ealing Road saa sita imeshapita, foleni imetoka nje ya duka hadi kwa sonara wa jirani. Kwa bei tuliyoikuta, unga wa mahindi ulikuwa umesafiri daraja la kwanza. Mke wangu, ambaye Mombasa alikuwa akisema Royco ni ya wasiojua kukaanga kitunguu, aliikumbatia pakiti ya mwisho na kumkazia macho kijana aliyenyoosha mkono. Sikumkumbusha maneno yake, nataka kula. Wala sikumwambia kwamba Royco tuliyoizoea ni ya Unilever, kampuni yenye makao makuu hapa hapa London.

Kwenye foleni nikamwambia shemeji, kwa sauti ya ushindi, kuwa hatimaye kwetu kumefika Wembley. Bibi mmoja wa Kihindi mbele yetu, sari chini ya koti zito, akageuka.

"Kumefika leo?" akauliza, kwa Kiswahili ambacho wanangu hawakiwezi. "Mimi nimetoka Kisumu mwaka 1968, baba. Muhogo nanunua mtaa huu huu tangu nywele zangu nyeusi. Nyinyi mlikuwa wapi?"

Swali halikuwa na jibu. Sheria za 1967 ziliwabana Kenya wafanyabiashara wasio raia, Wahindi wengi wakiwemo. Machi 1968 Uingereza nayo ikaharakisha sheria ya kuwafungia mlango wengi wao, ingawa pasipoti walizoshika zilikuwa zake. Mwaka 1972 Idi Amin akawapa Wahindi wa Uganda siku 90. Wahindi wengi wa nchi hizo mbili waliishia mitaa hii, na vyungu vyao wakaja navyo. Upande wa Alperton, Maru's Bhajia House inakaanga tangu 1976 zile bhajia za viazi zilizojulikana Nairobi: vipande vyembamba vya duara, unga wa dengu, dhania, chatne pembeni. Muhogo wa kukaanga mtaa mzima wanauita mogo. Sisi tulikuwa tumepanga foleni kuzindua kitu chenye wajukuu.

Bibi akakagua kikapu chetu, akatoa pakiti mbili za unga na kuzirudisha rafuni: duka la tatu mkono wa kushoto ni nafuu. Kisha akatufundisha kuchagua muhogo, sisi watu wa pwani. Vunja ncha, alisema. Ukiona mistari myeusi, uache, hata kama nta ya juu inang'aa.

Jioni nikampigia mama, nikamwonyesha kwenye simu vitu vilivyojaa mezani. Akafurahi, akasema na yeye ana agizo: mtu akija Mombasa, apewe boksi la chai ya Kiingereza, ile yenyewe, si hizi za huku. Nikatazama boksi letu jikoni. Nchi inayoiuzia Uingereza chai kuliko zote ni Kenya, na majani yale huenda yalichumwa Kericho.

"Naam, mama," nikasema. "Nitakuletea mawili."

"Fanya matatu," akasema. "Majirani wakisikia ni ya London, watapanga foleni."