Tuwekeeni Askari Chini ya Ardhi

Waheshimiwa wakuu wa maji, afya na ardhi,

Ni sisi wa Tarasaa, huku delta ya Mto Tana. Agizo lenu kwamba choo kikae mita 30 kutoka kisimani tumelipokea kwa heshima, tukatafuta kamba, tukapima. Ploti mliyotukatia ni hamsini kwa mia, futi hizo, yaani mita 15 kwa 30 na ushei. Haya, choo tumekibana pembe hii, kisima pembe ile. Na choo cha jirani wa nyuma? Kimekipa kisima chetu mgongo.

Kwa hiyo tunaomba kizuizi cha polisi chini ya ardhi. Kila kijidudu kitokacho chooni kisimamishwe, kitoe kitambulisho, kieleze kinaenda kwa nani na kitarudi lini. Askari wapokezane zamu, maana vijidudu havilali. Kibao kiandikwe kwa Kiswahili, Kipokomo na Kiorma, kisije kimoja kikajitetea kuwa hakikuelewa. Mvua zikizidi, maji ya chini yakapanda mpaka kwenye mashimo ya vyoo, askari wapewe makoti ya mvua na posho ya mazingira magumu. Kuhusu vijidudu vitakavyotaka kupita kwa kitu kidogo, hatuna ushauri. Uzoefu mnao wenyewe.

Vidonge vya klorini navyo vitangulie kipindupindu, visiandamane na wapiga picha. Na anayegawa ploti awe anajua kuwa watu huenda haja.

Tana ilifurika 2018, ikafurika 2023, ikafurika 2024. Kila mara mlitupa pole. Pole hainyweki! Kipindupindu humkausha mtu akafa kwa saa chache. Nyinyi saa hizo mnabishana faili liko idara gani. Ibara ya 43 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inatupa haki ya maji safi na salama. Nani aliwadanganya kwamba iliandikwa kwa ajili ya semina?

Mniwie radhi, wakuu wangu. Mwaka 1854 huko London, Daktari John Snow alionyesha kuwa pampu ya Broad Street ndiyo inayoua watu kwa kipindupindu, na wakubwa wa mtaa wakaung'oa mpini wake. Baadaye ikabainika shimo la majitaka la nyumba ya karibu lilikuwa likivujia kisimani. Hatuwaombi wepesi wa Waingereza wa enzi za Malkia Victoria. Kufanya hivyo kungekuwa kuwaonea.

Mkija kuzindua kizuizi, chupa zenu za maji ziacheni garini. Chai tutapika sisi, kwa maji ya hapa hapa, na kikombe cha kwanza ni cha mkubwa wenu.