Namna ya Kupokea Posa ya Kasha la Kompyuta

Kompyuta ya mezani ikifika Kasongo, watu hujaa mbele yake. Wanasifu weusi wake, kioo cha ubavuni na taa zinazobadilika rangi. Muuzaji anasema, "Papa, hii imetoka Bulaya," na bei inapanda papo hapo. Tulieni, ndugu zangu. Kasha hilo limekuja kuposa, na sisi ndio wazee wa nyumba. Tulisalimie, tulipe kiti, kisha tulizungushe taratibu kabla ya kutaja mahari. Mwongozo huu ni wa katibu wa shule, wa mwenye sekretariati ya kupiga chapa na fotokopi, wa muuguzi anayeandaa ripoti ya kituo cha afya, na wa yeyote anayetaka mashine ya kudumu kati ya Lualaba na Kabambare.

Hatua ya 1: Anzia mgongoni

Uso wa kasha umetengenezwa ili usifiwe. Ukweli uko nyuma. Kwenye makasha mengi ya zamani, karibu na tundu la waya wa umeme, kuna swichi ndogo nyekundu yenye namba 115 na 230. Mashine iliyofanya kazi Marekani huweza kufika ikiwa bado kwenye 115, na sisi Kongo tunatumia volti 220. Ukiiwasha hivyo utasikia mlio mmoja, utaona moshi, na ndoa imekwisha kabla ya karamu. Chomoa waya, sogeza swichi hadi 230 kwa ncha ya bisibisi, ndipo uwashe. Pasipokuwa na swichi, soma kibandiko cha sanduku la umeme, lile lenye tundu la waya: kikiwa na 100–240, linajirekebisha lenyewe.

Ungali hapo nyuma, pima uso wa sanduku hilo la umeme. Likiwa na milimita 150 kwa 86, huenda limefuata kipimo cha ATX, kilichotolewa na Intel mwaka 1995. Siku likiungua huenda ukaweza kuweka jingine lililotolewa kwenye mashine nyingine ya kipimo hicho. Likiwa na umbo la peke yake, utasubiri la kufanana nalo litoke Bukavu au mbali zaidi, na kazi ya ofisi itasubiri pamoja nawe.

Hatua ya 2: Hesabu matundu, ya heri na ya shari

Kasha jema huvuta hewa baridi kutoka mbele na kutoa hewa ya moto nyuma. Weka kiganja mbele yake: ukikuta kioo kitupu au plastiki iliyofungwa, na hewa inapenya kwenye ufa mwembamba tu, mpe pole muuzaji uendelee na safari. Prosesa ikipata joto kali hupunguza mwendo ili isiungue, na wewe utadhani kompyuta imezeeka.

Lakini tundu lisilo na chujio ni mlango wa vumbi, na vumbi letu jekundu la kiangazi halibishi hodi. Tafuta chujio linalochomoka kwa mkono, la kuoshwa kwa maji na kurudishwa likiwa limekauka kabisa. Kisha hesabu vibati vinavyoziba nafasi za kadi huko nyuma. Kila kibati kilichopotea ni mwaliko kwa mende, panya mdogo, na nyigu anayejenga kwa udongo. Wageni hao hawalipi kodi, na mkojo wa panya hula shaba.

Hatua ya 3: Tazama miguu

Makasha mengi ya siku hizi yameweka sanduku la umeme chini, likivuta hewa kutoka sakafuni. Miguu iwe na urefu sawa na unene wa kidole kimoja, tena isiteleze. Kasha lisikae sakafuni. Maji ya mvua na ufagio wa asubuhi vyote hupita huko. Na kile kitambaa kizuri alichofuma mama, kifunike mashine baada ya kuzimwa na kupoa. Ikiwa inafanya kazi, kitambaa ni mto usoni mwake.

Hatua ya 4: Ibebe mwenyewe

Kasongo na Kabambare zimeachana kwa zaidi ya kilometa 100, na mzigo mwingi husafiri nyuma ya pikipiki. Kwa hiyo inyanyue kwanza, kisha bonyeza ubavu wa kasha kwa kiganja. Bati likibonyea na kulia, njia italimaliza. Pitisha kidole kwa uangalifu kwenye kingo. Kasha linalokata fundi halijamaliziwa kazi. Kioo kikipasuka njiani, cha kukibadilisha hukipati. Chuma kikipinda, fundi hukinyoosha kwa nyundo, na saa moja baadaye kinarudi kazini.

Hatua ya 5: Sasa ndiyo uangalie sura

Rangi iliyopauka ya kompyuta kuukuu, ile inayogeuka njano, haina madhara. Ni jua na kemikali zilizomo kwenye plastiki. Apple ilipoleta iMac ya buluu inayopenyeza mwanga mwaka 1998, watengenezaji wengi waliacha rangi hiyo iliyopauka. Penda rangi uipendayo. Ila taa za mapambo hula umeme, na anayetegemea paneli za jua na betri anazilisha taa hizo kwa saa zake za kazi. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Nasisitiza haya kwa sababu ya kilichomo ndani. Vipande vya kompyuta vimeunganishwa kwa bati, na migusano yake hupakwa dhahabu. Hapa kwetu Maniema huchimbwa kasiterite, jiwe la bati. Namoya, katika Kabambare, huchimbwa dhahabu. Madini ya aina hiyo yanatoka kwetu kwa jasho na bei ndogo, na mashine zinazoyatumia zinatufikia kwa bei kubwa. Hatuna haki ya kuyaacha yaoze kwa vumbi ndani ya kasha bovu.

Basi, wenye maduka, geuzeni makasha mgongo uonekane. Nawe mnunuzi, nenda sokoni na bisibisi, rula na subira. Kasha lisilokubali kugeuzwa, usilinunue.