Sifa za Dume la Bata Mzinga

Kakamega humpigia fahali ngoma ya isukuti, na bata mzinga humpiga fimbo. Jumamosi asubuhi watu wa Isukha na Idakho hurauka kwenda Khayega, Shinyalu au Malinya kutazama mafahali wakigongana vichwa, na fahali akishinda, mwenyewe hushangiliwa kana kwamba ndiye aliyetia pembe. Mwanasiasa Boni Khalwale anajulikana nchi nzima kwa jina la Bullfighter, wala jina hilo halikumzuia kufika Seneti. Lakini madume wawili wa bata mzinga wakishikana nyuma ya jiko, yaleyale tuliyoyaita ushujaa uwanjani huwa kichaa, na kuna atakayeuliza sufuria kubwa iko wapi. Huku ni kumwonea. Tukipima ugomvi kwa haki, ndege huyu ndiye mgomvi mwenye adabu kuliko wote bomani, na fujo tunazomlaumu nazo, nyingi tumezipika wenyewe.

Kwanza, ni mkweli. Hamvizii mtu. Kabla ya kumrukia mwenzake hutoa notisi kwa mwili mzima: manyoya yanafura, mkia unafunguka, ncha za mbawa zinakwaruza ardhi, na kichwa kilichokuwa na rangi ya buluu na nyeupe kinaiva wekundu. Hata ule mkonga wa nyama unaoning'inia juu ya mdomo wake, unaochekesha watoto, una kazi. Katika miaka ya 1990 mtafiti Mmarekani Richard Buchholz alionyesha kwamba majike hupendelea madume wenye mkonga mrefu, na kwamba madume wengine huwapisha hao wenye mkonga mrefu. Maana yake ni kwamba kesi nyingi huamuliwa kwa kutazamana, bila unyoya kuanguka. Wenye chuki ya mpaka wa shamba wangekuwa na uso wa namna hiyo, hakuna jiwe la mpaka ambalo lingehama usiku.

Pili, vita vyake vina mwisho. Ni kweli kwamba vikianza havipendezi: wanakamatana mkonga au ngozi ya shingo kwa midomo, wanasokotana shingo, wanasukumana kifua kwa kifua, mateke yanafuata. Ila anayejinasua na kuinamisha kichwa amekubali, na ikiwa ana nafasi ya kuondoka, mambo huishia hapo. Robert Watts na Allen Stokes, waliowachunguza bata mzinga wa mwituni huko Texas, waliandika mwaka 1971 kwamba ndugu waliototolewa pamoja hupigana ujanani hadi nguvu ziishe, kisha mkubwa huwa mkubwa na mdogo huwa mdogo kwa miaka yao yote. Mwaka 2005 Alan Krakauer alionyesha kwa vipimo vya vinasaba, huko California, kwamba mdogo huyo husimama kando ya kaka yake kumsaidia kuwavutia majike ingawa yeye mwenyewe hapati watoto. Ukoo unaendelea kupitia kwa kaka. Anayejua familia iliyofikia makubaliano kama hayo juu ya shamba la marehemu bila wakili na aitaje.

Watasema: huyo shujaa wako anawachana majike migongo kwa kucha, anamtoa damu mwenzake mpaka anusurike kufa, na anawakimbiza watoto wanaotoka shule. Yote ni kweli. Lakini ni nani aliyefungia madume watatu na majike wanne katika banda moja? Dume mmoja anatosha majike wapatao kumi. Majike wakiwa wachache, mgongo uleule hupandwa kutwa. Tunajua vizuri sana kwamba fahali wawili hawakai zizi moja, halafu tunawasongamanisha hawa, tunawawekea karai moja la chakula, na aliyeshindwa anakosa pa kukimbilia. Mpe pa kukimbilia. Chakula na maji viwe mahali pawili au zaidi, na katikati pawe na bati au kichaka cha kukingana macho. Mwenye jeraha atengwe siku hiyohiyo, kwa sababu damu huwaita wengine waje kudonoa. Mgeni akae kwanza nyuma ya waya siku kadhaa, waonane kabla ya kukutana. Na anayekimbiza watoto mara nyingi ni yule aliyelelewa mikononi mwa watu tangu kifaranga, akakua akidhani watu ni bata mzinga wenzake. Asikimbiwe, maana anayekimbia ameshindwa kwa sheria zake. Asipigwe, maana fimbo humpa tu mpinzani mwenye mkono mrefu. Mtu mzima asimame, amsogelee polepole, dume ndiye apishe njia.

Kuna pia wanaomwita mjinga kwa sababu hupigana na sura yake mwenyewe kwenye mlango wa gari unaong'aa. Hapo mimi naona uadilifu. Wagomvi wengi wana mtu mmoja wanayemsamehe kila kosa, nao humwona kila asubuhi kwenye kioo. Dume huyu akikutana naye humshughulikia kama mwingine yeyote.

Basi mwenye boma ahesabu madume, apime banda, abakize mmoja wa mbegu au ndugu wawili waliokwisha kuelewana, na wengine awapeleke sokoni Desemba, wakati bei ya bata mzinga inapopanda. Kwa desturi wa kwanza kufungwa miguu ni yule aliyeshindwa. Kwetu sisi mshindwa hudai kura zihesabiwe upya. Katika siasa za bata mzinga, mshindwa hulipa karo ya Januari.