Chagua Mwamba, Lakini Kwanza Chagua Mdai

Vitabu vya kupanda miamba huanza na viatu. Mimi naanza na madeni. Kabla hujagusa jiwe lolote, tafuta mtu wa kukushikia kamba, na awe mtu anayekudai. Huyo ataing'ang'ania kamba yako kama anavyoing'ang'ania hati ya deni. Yule unayemdai wewe mwache nyumbani. Siku ukianguka, lake limekwisha. Wahenga waliosema aliye juu mngoje chini hawakutuambia anayengoja ana nia gani.

Hilo likitimia, sasa tutafute jiwe la kiwango chako.

Asiyejua kitu aende hifadhi ya Hell's Gate, jirani na Naivasha, akajaribu mnara wa Fischer. Ni jiwe la volkeno lililosimama peke yake karibu na lango la Elsa, urefu wake mita 25 hivi, yaani jengo la ghorofa nane lisilo na ngazi. Limepewa jina la Gustav Fischer, Mjerumani aliyepita huko mwaka 1883. Wamaasai wana habari nyingine: huyo ni binti aliyekuwa akipelekwa kuolewa, akakatazwa kutazama nyuma, akatazama, akawa jiwe. Mimi nasimama na Wamaasai. Nilipofika katikati ya mnara huo niligeuka kutazama chini, nami nikawa jiwe.

Nilikaa pale hadi pimbi wakanizoea. Kijana aliyekuwa akiniongoza alipaza sauti kutoka chini: “Mzee, mguu wa kushoto! Kuna pa kukanyaga!”

“Wapi?”

“Hapo hapo!”

Mwanafunzi, jifunze mapema: “hapo hapo” ndiyo anwani pekee utakayopewa. Basi moja la watoto wa shule lilisimama, wakanishangilia kwa dakika mbili, kisha wakaona punda milia na kuniacha. Mdai wangu peke yake ndiye hakubandua macho. Nilipoteremshwa aliniuliza kama sijaumia, halafu akauliza mshahara unaingia lini.

Ukutani, upande wa pili wa bonde, kuna njia ndefu za waliokwisha kuhitimu. Usizikimbilie. Tumbusi huzalia kwenye majabali yale, na tumbusi ni ndege mwenye subira sana na watu wanaojaribu bahati.

Wa kiwango cha kati aende Lukenya, kando ya barabara ya Mombasa, hujafika mbali na Athi River. Jiwe lake ni gumu na lina meno, litakuchuna vidole bila kukuomba radhi. Faida yake ni kwamba ukishindwa saa nne asubuhi, saa saba uko mezani mbele ya nyama choma, unaeleza jinsi upepo ulivyokuwa mbaya.

Sasa Mlima Kenya. Hapa kiwango hupimwa kwa ulimi. Kilele cha Lenana, mita 4,985, hakihitaji kamba. Kinahitaji miguu, mapafu na sweta la kuazima. Anayekifikia hurudi mjini akatangaza “nimeupanda Mlima Kenya,” na hatumkatazi, ila akikutana na mpanda miamba abadilishe mazungumzo haraka. Wenye kamba huenda Nelion, mita 5,188, na Batian, mita 5,199. Mwingereza mmoja, Mackinder, alifika Batian mwaka 1899 pamoja na waongozaji wawili kutoka milima ya Alps, na dunia ikakaa miaka 30 kabla ya mwingine kurudia. Kama unataka kwenda, tazama kalenda kuliko misuli: ikweta iko jirani, kwa hiyo nyuso za kaskazini hukauka kuanzia Juni hadi Septemba, na za kusini kuanzia Desemba hadi Machi. Ukikosea mwezi, utakuta barafu pale ulipoahidiwa mwamba.

Usiniambie huna vifaa. Mwaka 1943 Waitaliano watatu, mateka wa vita, walitoroka kambini Nanyuki ili wapande mlima huo tu. Vifaa walijitengenezea kwa siri, na ramani yao mojawapo ilikuwa picha ya mlima kwenye karatasi ya kopo la nyama. Batian iliwashinda, wawili wao wakasimika bendera yao Lenana, kisha wote wakarudi kambini kwa miguu yao wenyewe kufungwa upya. Hao walikuwa na wa kuwangoja chini, tena mwenye bunduki.

Bingwa wa mwisho simwelewi kabisa. Juu ya Nelion kuna kibanda kidogo cha bati, na aliyekijenga mwaka 1970 ni Ian Howell, ambaye kwa kazi hiyo alikipanda kilele mara 13 akiwa peke yake, akibeba kibanda vipande vipande. Mara 13, bila mtu wa kumshikia kamba. Nimelifikiria sana jambo hili na jibu ninaloliona ni moja: Nairobi nzima hapakuwa na mtu aliyekuwa akimdai.