Lavenda Haizuii Risasi

Mbwa wa Juba hana kalenda, lakini mwaka unapoisha anajua. Krismasi yenyewe haimpi taabu: nyimbo za kanisani, ngoma, watoto waliovalishwa viatu vipya vinavyowabana, na mifupa ya mbuzi kila kona. Taabu iko tarehe 31 Desemba, saa sita usiku, kwani mjini hapa kuna watu wasioamini kuwa mwaka umeingia mpaka waupigie risasi. Kila mwisho wa mwaka wakubwa hutangaza kwamba ni marufuku kufyatua risasi hewani, na kila mwisho wa mwaka anga ya Juba hutoa jibu lake. Ukijumlisha na fataki, honi za bodaboda na vigelegele, hata mimi binadamu mwenye kitambulisho hutafuta pa kujificha.

Sisi tunakaa Hai Jalaba, mtaa wa zamani uliobeba jina la wafanyabiashara waliotoka kaskazini enzi za Sudan moja. Siku hizi katika ua mmoja utamkuta mwenye duka kutoka Darfur, Mganda wa bodaboda, fundi cherehani Mkongo, na Mmombasa kama mimi niliyefuata biashara ya vipuri. Mwenye nyumba wetu tunamwita Hajja. Kazaliwa mtaa huu huu, Kiarabu cha Juba ndicho chake, na Kiswahili amekiokota kwa wapangaji: salamu kazipata kwetu Wakenya, matusi kayapata kwingine, na yeye huchanganya akipenda.

Katika ua huo kuna mbwa anayeitwa Boflo, kwa rangi yake ya mkate, na paka anayeitwa Waziri kwa sababu hulala mchana kutwa na akizinduka huuliza chakula. Waziri ni wa Hajja. Boflo ni wetu, ingawa Hajja ambaye hamgusi kwa ajili ya udhu ndiye anayemtupia mabaki ya ugali wa asida kila jioni, na mbwa anajua nani ni nani. Boflo si mwoga. Mwizi humfukuza mpaka barabara ya lami. Anaogopa vitu viwili tu duniani: mlio wa risasi na jenereta letu.

Mwaka mmoja shemeji yangu, mdogo wake mke wangu Mama Salim, alikuja kula sikukuu nasi. Alitoka Mombasa kwa basi, akapita Nairobi na Kampala, akavuka mpaka wa Nimule, akafika kavimba miguu na begi limejaa chupa ndogondogo za mafuta ya kunukia. Ndiyo biashara yake. Na kama ilivyo kwa kila anayeuza bidhaa moja, amegundua kwamba matatizo yote ya ulimwengu yana dawa, na dawa hiyo anayo yeye. Kichwa kinauma? Mnanaa. Mtoto hataki kusoma? Mchaichai. Mume amenuna? Langilangi. Hakumaliza siku mbili kabla hajamtazama Boflo kwa jicho la kitaalamu.

“Shemeji, huyu mbwa ana wasiwasi.”

“Shemeji, huyu mbwa anaishi Juba.”

Hakucheka. Alinipa historia. Kulikuwa na mkemia Mfaransa, René-Maurice Gattefossé, aliyeungua mikono maabara yake ilipolipuka mwaka 1910, akajitibu kwa lavenda, na mwaka 1937 akachapisha kitabu kilichoipa tiba ya manukato jina lake. Nikamuuliza hicho kitabu kinasemaje juu ya mbwa. Akasema watu wa vipuri tuna imani haba.

Hapa sitamwonea, maana ushahidi alikuwa nao. Mwaka 2006, mtafiti Deborah Wells wa Chuo Kikuu cha Queen's, Belfast, alichapisha utafiti wa mbwa 32 waliozoea kufanya fujo ndani ya gari. Walipovutishwa harufu ya lavenda njiani, walikaa na kupumzika zaidi, wakapunguza kuhangaika na kupiga kelele. Mwaka mmoja kabla ya hapo, yeye na wenzake walikuwa wamechapisha matokeo ya mbwa wa kwenye kituo cha kutunza wasio na wenyewe: lavenda na kamomili ziliwatuliza, ilhali rozmari na mnanaa ziliwachangamsha. Ni kazi ya kweli na siidharau. Ila wale mbwa wa Belfast shida yao ilikuwa kupelekwa matembezini kwa gari. Boflo hajapewa lifti na mtu tangu azaliwe, na anachokiogopa hakina magurudumu.

Shemeji alianza na kitambaa. Alidondoshea lavenda, akakifunga shingoni mwa Boflo kwa fundo la upinde. Sasa, pua ya binadamu ina vipokezi vya harufu milioni tano au sita hivi. Ya mbwa yaweza kufika milioni 300. Tone ambalo wewe unaliona zuri, kwake ni spika ya matanga imewekwa mlangoni. Boflo alisimama. Akapiga chafya. Akapiga nyingine iliyomrudisha nyuma hatua nzima. Akajaribu kukitazama kitambaa, akazunguka akikifuata, kisha akalala chali akajisugua kwenye mkaa wa Hajja, akainuka mweusi kiunoni, akatoka mbio nje ya geti. Mganda wa bodaboda ndiye aliyetuletea habari baadaye kwamba amemwona sokoni Konyo Konyo, kwa wauza samaki wakavu, akigaagaa juu ya magunia yao kwa raha zake zote. Aliporudi alikuwa ametulia kabisa, ananuka sangara na lavenda kwa pamoja, na mle uani hatukula chakula cha jioni.

“Umeona?” Shemeji akasema. “Imemtuliza.”

Jaribio lililofuata lilikuwa la kisasa zaidi. Alikuwa na kile kikopo cha umeme kinachotiwa maji na matone ya mafuta, kikatoa mvuke na taa ya kubadilika rangi. Kitu kizuri, siwezi kukataa. Lakini kikopo kinataka umeme, na umeme jioni ile haukuwapo, hivyo ikabidi tuwashe jenereta. Jenereta lilipokohoa mara ya kwanza, Boflo alipita katikati ya miguu yangu, akapita jikoni, akaenda kujipachika nyuma ya pipa la maji. Kwa hiyo mbwa akawa anatetemeka kwa ajili ya mashine iliyowashwa ili kuendesha chombo cha kumwondolea kutetemeka. Shemeji akapendekeza tuongeze matone. Mimi nikaongeza hesabu ya petroli, nikazima.

Hajja alikuwa akiyatazama yote kutoka barazani kwake, chetezo mbele yake. Mama wa Kisudani hafundishwi manukato. Yeye ana sandaliya yake, ana khumra aliyoichanganya kwa mikono yake, na kila magharibi ubani wake unapanda mpaka kwa jirani wa tatu. Aliomba chupa ya lavenda, akanusa, akaifunga kwa adabu.

“Abu Salim,” akaniambia mimi, si Shemeji, “hii ni harufu ya sabuni.”

Kuanzia hapo ikawa vita baridi ya manukato. Shemeji akajibu kwa silaha kubwa: karafuu. Mafuta haya ya kwetu pwani yana heshima yake. Kule Wawi, Pemba, kuna kiwanda cha kukamua mafuta ya karafuu na ya mchaichai, na madaktari wa meno dunia nzima wanajua kwamba karafuu hutia ganzi. Akaona Waziri amelala kwenye mkeka, akasema paka naye atataka maandalizi ya Mwaka Mpya. Kabla mtu hajasema kitu, tone lilikuwa limeshatua mgongoni.

Nilimpigia simu daktari wa mifugo ninayefahamiana naye. Nieleze kwamba nchi hii ina ng'ombe wengi kupindukia, na daktari wa mifugo akipokea simu, kichwani mwake tayari ana pembe.

“Wangapi?” akauliza.

“Wawili, daktari. Mbwa na paka.”

Kimya kidogo. “Mbwa anakula?”

“Anakula.”

“Anaumwa nini?”

“Wasiwasi.”

“Kaka,” akasema, “Juba hii nani hana?”

Lakini nilipomtajia karafuu na paka, sauti ilibadilika. Paka, alieleza, ini lake limepungukiwa na kimeng'enya ambacho sisi tunakitumia kuvunjavunja kemikali za namna hiyo na kuzitoa mwilini. Karafuu, mdalasini, mkaratusi, mnanaa, mafuta ya maganda ya machungwa na yale ya mti-chai wa Australia, yote ni sumu kwake, na kwa kuwa hujilamba siku nzima, tone la mgongoni huishia tumboni. Hata mvuke ule wa kikopo humfikia: hukaa kwenye manyoya, naye akayalamba. Dalili ni kudondosha mate, kutapika, kuyumba akitembea, kutetemeka. Usimtapishe. Mwogeshe mara moja kwa maji na sabuni ya vyombo, kisha umlete.

Ni rahisi kutamka. Kumwogesha paka mzima aliyeamshwa usingizini kulihitaji ua wote. Mganda alikuja na kofia yake ya bodaboda kichwani, kioo ameshusha, na jaketi amefunga zipu mpaka kidevuni, akashika miguu ya mbele. Fundi Mkongo akashika ya nyuma kwa kutumia kipande cha jinzi. Mama Salim akasugua. Hajja akasimama juu yetu akitoa maelekezo kwa Kiarabu na laana kwa Kiswahili, na Waziri akatoa sauti ambayo sikujua paka anayo. Alipomaliza kuoshwa alikuwa nusu ya ukubwa wake wa kawaida. Daktari alimpima, akasema tumewahi. Gharama alilipa Shemeji bila kuombwa, na ninamheshimu kwa hilo.

Pale pale kwa daktari nilijifunza kitu kilichoniliwaza. Kuna mnyama mmoja ambaye mafuta ya karafuu yanamtuliza kweli kweli, bila ubishi: samaki. Wataalamu wa samaki huyatia kidogo majini ili walale, wapate kuwapima na kuwashika bila kuwaumiza. Nikamwambia Shemeji soko lake liko Ziwa Victoria.

Daktari mwenyewe si adui wa kupaka wanyama. Alitukumbusha Wamundari wa Terekeka, kaskazini ya Juba kando ya Nile, ambao kila jioni huchoma samadi kwenye kambi zao, moshi ukafukuza mbu na nzi, kisha huchukua majivu wakawasugua ng'ombe mgongo hadi pembe, taratibu, mmoja baada ya mwingine. Ng'ombe hujinyoosha, hufumba macho. “Majivu yanazuia wadudu,” akasema, “lakini mkono unaosugua ndio wanaoupenda.” Shemeji aliandika hilo kwenye simu. Nilichungulia: alikuwa ameandika “majivu, chupa ngapi?”

Tarehe 31 ilipofika, aliyeongoza shughuli ni Mama Salim, na hakutumia chupa hata moja. Mchana alimtembeza Boflo mpaka akachoka. Jua halijazama akamwingiza chumba cha ndani kisicho na dirisha la nje, akatandika gunia chini ya kitanda cha angarebu, akatundika mablanketi mlangoni, akafungulia redio ya betri kwa sauti ya wastani, akampa mfupa wenye nyama. Hajja alichukua Waziri chumbani kwake na kutufungia mlango, akiwa bado hajatusamehe.

Saa sita ikapiga. Kwanza risasi zilisikika moja moja, upande wa mbali, kisha mji mzima ukachanganya. Masikio ya mbwa husikia mpaka mitetemo 45,000 kwa sekunde, mara mbili na zaidi ya yetu, kwa hiyo sisi tulisikia sehemu tu ya alichosikia yeye. Boflo alijisukuma hadi mwisho wa uvungu. Mama Salim akakaa sakafuni, mkono mmoja mgongoni mwake, akimsugua polepole kama alivyosema daktari, akizungumza naye habari za bei ya unga. Mbwa alitetemeka, lakini hakulia wala hakukwaruza mlango kama mwaka uliotangulia.

Aliyelia ni Shemeji. Katika Mombasa yake fataki zinajulikana. Hiki kilikuwa kitu kingine. Mlio wa kwanza wa karibu ulipopasua, aliingia uvunguni kwa kichwa, akajibana kando ya Boflo, na chupa nzima ya lavenda ikamwagikia kifuani pake. Boflo akapiga chafya. Kisha, kwa mshangao wetu sote, akamwekea kidevu begani. Walikaa hivyo mpaka risasi zilipopungua, na Shemeji anasisitiza hadi leo kwamba mafuta yake yalifanya kazi. Mama Salim naye husema kilichofanya kazi ni bega. Mimi nadhani yalifanya kazi kwa Shemeji, na hiyo si haba: pua ya binadamu ni ya kiasi, lavenda inaipendeza, na mwenye mbwa aliyetulia ni msaada kwa mbwa.

Basi ninyi mnaongoja tarehe 31, hapa au kwingineko: mbwa aingie ndani kabla ya giza, awe na mahali pa kujificha, mfupa na mtu wa kukaa naye. Asifungwe mnyororo nje. Paka asipakwe kitu chochote, hata kama ni cha asili, hata kama kimetoka Pemba. Chupa wapeni mashemeji. Na wewe mwenye bunduki, nakuomba kwa heshima, usifyatue: risasi iliyopanda hushuka, na mabati ya Hai Jalaba ni membamba.