Uchawi wa Skyrim na dawa yake: kutoka namba 7 hadi namba 1

Skyrim ya Bethesda ilitoka Novemba 2011, na mpaka leo kuna watu wanauawa na mchawi yuleyule, pangoni mlemle, wakiwa wamevaa vyuma vya kutosha kujengea daraja. Jamani, hesabu ya kinga ya uchawi katika gemu hili ni tamu mno, haifai kuachiwa wachezaji wachache. Tuihesabu kwa kurudi nyuma.

7. Deraya

Inashika mkia, na inastahili. Ukivaa vipande vyote vinne na ulinzi ukafika 567, panga, shoka na mshale vinapunguzwa makali kwa asilimia 80, na hapo ndipo kikomo. Na mpira wa moto je? Haupungui hata chembe. Chuma kinamzuia mwenye panga. Mwenye moto anakupikia humohumo ndani. Hata ule uchawi wa Alteration unaoigeuza ngozi yako kuwa jiwe unaongeza deraya tu. Mbele ya mchawi, hilo ni pambo.

6. Kumjua anayekupiga

Moto ukishakugusa unaendelea kuunguza. Barafu inakula stamina na kukupunguzia mwendo. Umeme unakomba na nguvu yako ya uchawi. Wewe wa shoka, adui yako mkubwa hapa ni barafu: mchawi kesharudi nyuma hatua kumi, wewe bado unatafuta ya kwanza.

5. Ukoo

Nord anazaliwa na kinga ya barafu asilimia 50, Dark Elf asilimia 50 ya moto. Breton anapewa 25 tu, lakini ni ya uchawi wote: moto, barafu, umeme, laana, kila kitu. Anayemcheka Breton kwa hiyo 25 asubiri tufike namba 2.

4. Ngao

Watu wa ngao hawasifiwi vya kutosha. Panda mti wa ujuzi wa Block mpaka kipaji cha Elemental Protection, na kila ukiinua ngao, moto, barafu na umeme vinakatwa nusu. Ukiwa na ngao iitwayo Spellbreaker, ukiinua tu inafungua ukuta unaomeza hadi pointi 50 za uchawi. Hakuna kutamka wala kuchanja. Inua mkono, bwana, umalize kazi.

3. Kuumeza uchawi

Hii ni kamari, na mimi naipenda kwa moyo wote. Jiwe la Atronach linakupa uwezekano wa asilimia 50 kwamba uchawi unaokujia hautakuumiza hata kidogo, bali utageuka kuwa nguvu yako. Kipaji cha mwisho cha Alteration kinaongeza 30. Breton naye ana Dragonskin, mara moja kwa siku, sekunde 60, asilimia 50 nyingine. Jiwe na Dragonskin pamoja ni 100: kwa dakika nzima mchawi anakulisha huku akidhani anakuua!

Ila kuna bei. Jiwe hilo linapunguza kwa nusu kasi ya kurudi kwa nguvu yako ya uchawi. Na wewe unayeita viumbe wa Conjuration, tahadhari: unaweza kumwita msaidizi wako na mwili wako ukammeza hapohapo.

2. Kikomo cha 85

Kinga ya uchawi inajumlishwa, lakini haivuki asilimia 85. Hapa ndipo Breton anapochekelea. Ana 25 za kuzaliwa. Anaenda kwenye Jiwe la Lord milimani, anapata 25. Anashuka mji wa Riften, kwenye hekalu la Mara, anapatanisha wapendanao mpaka kazi ile inaisha, anapata 15 za kudumu (mapenzi ya watu wengine yakikukinga na moto, usiulize maswali). Ngazi mbili za Magic Resistance katika Alteration, 20. Jumla 85 kamili, na hajavaa hata pete. Angeweza kupigana na nguo ya kulalia.

Wengi wanaishia 60 au 70 wakiona inatosha. Haitoshi! Kutoka 0 kwenda 5, pigo la 100 linashuka hadi 95, huoni tofauti. Kutoka 80 kwenda 85, linashuka kutoka 20 hadi 15: umepunguza robo nzima ya maumivu yaliyobaki. Pointi za mwisho ndizo zenye thamani kubwa kuliko zote, na ndizo watu wanazozikatia tamaa.

1. Kinga mbili, hesabu mbili

Huyu ndiye mfalme. Kinga ya moto na kinga ya uchawi hazijumlishwi pamoja. Moja inakata, kisha nyingine inakata kilichobaki. Ni tui na machujio mawili: la pili halikutani na nazi yote, linakutana na kilichovuka la kwanza. Kwa hiyo 50 ya uchawi na 50 ya moto hazikupi 100. Katika pigo la 100, ya kwanza inabakisha 50, ya pili inabakisha 25.

Unasikitika? Usisikitike. Kila moja ina kikomo chake cha 85. Zijaze zote mbili, joka lipumue moto wa pointi 100: kinga ya uchawi inabakisha 15, kinga ya moto inabakisha 2.25. Pointi mbili na robo kutoka mdomoni mwa joka! Huo si moto tena.

Basi ukishagusa 85 ya uchawi, mkufu wowote uliozindikwa kwa kinga hiyohiyo haukuongezei kitu. Upeleke mjini Whiterun ukauuze, uvae wa kinga ya moto.